Namba Kumi Haina Jina

Benchi lilikuwa na miguu minne, mmoja wa kuazima. Lilikaa nje ya karakana ya fundi wa mashine za kufulia, na kila aliyelikalia zaidi ya wiki mbili alipewa jina jipya na kunyang'anywa lile la wazazi wake. Fundi mwenyewe aliitwa Mota, kwa sababu kicheko chake kilianza taratibu, kikapanda, kikamtikisa mwili mzima, na wa kukizima hakuwepo. Kulia kwake alikaa Refa, mwamuzi wa mpira aliyestaafu kila kitu isipokuwa filimbi. Kushoto alikaa Shahada, aliyeanza kozi kumi na moja kwa njia ya posta na kwa simu, na hakuna hata moja iliyomwona siku ya mtihani. Mbele yao, juu ya kigoda, Bi Birika aliuza kahawa na kutoa hukumu. Kahawa ilikuwa na bei, hukumu ilikuwa bure. Na katikati, juu ya matofali mawili, lilisimama pipa la chuma la mashine ya kufulia, lile la ndani lenye matundu, na ndani ya pipa ilikaa simu ya Mota. Simu ikitiwa humo sauti ilivimba ikawa ya mkutano wa hadhara. Pipa lilikuwa la mteja. Hilo tuliache kwanza, kama Mota alivyoliacha kwa miezi minane.

Asubuhi hiyo Mota hakuwa amecheka hata mara moja.

— Soma tena, alisema Refa. Polepole, bila kuruka mstari.

Mota akaitoa simu pipani, akaisogeza mbali na uso kama mtu anayetazama nyoka, akasoma:

— "Shikamoo Baba. Orodha ya mwezi huu ndiyo hiyo. Tisa ni za watu. Namba kumi ni yangu. Ni santuri yangu ya kwanza, nakala mia tatu. Leo saa sita kamili kwa saa zenu wanachapa ile karatasi ya katikati, na jina sijaweka, nataka unipe wewe. Sikiliza, kisha nitumie. Lisipofika, itatoka na duara jeupe. Na Baba, tafadhali, mara hii usiniambie kesho."

— Hapo pa kesho ana maana gani? aliuliza Bi Birika.

Mota akaangalia viatu vyake. Alijua vizuri sana. Siku binti huyo alipozaliwa, muuguzi aliuliza jina, na Mota akasema atalileta kesho. Alitaka jina zito, si la kuokota njiani. Kesho ile ilichukua siku arobaini na tatu. Kadi ya kliniki iliandikwa "Mtoto wa Fundi", na kwa jina hilo mtoto akachanjwa, akapimwa uzito, akaharisha na kupona. Sasa ni mtu mzima, anaishi mji wa mbali, mchana anauza dawa nyuma ya kioo, mwisho wa wiki anapiga santuri kwenye chumba kisicho na dirisha, na kadi ile ameitia fremu akaitundika ukutani.

— Saa ngapi? aliuliza Mota.

— Nne na nusu, alisema Refa.

— Aa, muda tele! alisema Shahada. Haraka haraka haina baraka. Ndiyo maana muziki huu wanaupiga mapigo mia na thelathini kwa dakika.

— Hiyo methali inasema kinyume chake, Shahada.

— Methali ni kama soksi, ndugu yangu. Hata ukiigeuza inavalika.

Kila mwezi binti alimtumia babake nyimbo kumi mpya alizozipenda, za tekno, za hausi na za elektro, majina yote amemtafsiria ili mzee asipotee njia. Na kila mwezi benchi lilikaa kama bunge.

— Tumalize kwanza mechi za makundi, alisema Refa. Mimi yangu ni namba moja, tekno, ya yule anayejiita Kabati Tupu. "Ngazi za Dharura." Dakika tisa, ngoma ileile, hakuna kona, hakuna kurusha. Ukidhani imekwisha, inaongeza dakika mbili. Huyo kijana anaheshimu muda wa nyongeza.

— Huyo amesahau kuzima, alisema Bi Birika. Mimi ni namba nne, hausi ya wale dada wawili. "Usifunge Mlango." Anasema usifunge mlango mara arobaini na moja. Nimehesabu. Yule mwanamke ameacha kitu ndani.

— Ameacha nini, bibi?

— Akili. Si ameolewa na mpiga ngoma?

— Kisayansi, alisema Shahada, na benchi zima likashika vikombe vizuri, — kisayansi, bora ni namba saba, elektro, "Roboti Ana Homa". Mnajua tofauti ya vitu hivi lakini? Tekno ni kiwanda kilichofukuza wafanyakazi, mashine zikabaki zinafanya zamu. Hausi ni kiwanda kilekile, ila mke wa meneja amekuja kumtafuta mumewe. Elektro ni umeme umekatika, ukarudi, ukakatika, na kila ukirudi mashine zinasahau zilikuwa zinatengeneza nini.

— Na kwa nini wanaita muziki wa chini ya ardhi? Wanapata wapi hewa?

— Chini ya ardhi ni kutojulikana, Refa. Ukijulikana tu, umeharibika.

— Kama mwizi.

— Kama mwizi! Umeelewa haraka kuliko mhadhiri wangu.

— Mtoto mwenyewe, alisema Bi Birika, alipokuja likizo alishinda wiki nzima hapa ameshika kijiti chenye manyoya, anakisogeza huku na huku, na hakuna aliyemuuliza.

— Mimi nilimuuliza, alisema Refa. Nilimuuliza anakula nini.

Hapo simu ikalia, na kwa kuwa Mota alikuwa amekwisha kuirudisha pipani, mtaa mzima ukageuka. Akaidaka, akaona jina, akasimama kabisa.

— Mama Mapacha! Umeamkaje, mama yangu? Mashine? Mashine haina neno! Imebaki kuifunga tu. Skrubu mbili, tatu. Wewe njoo kesho... Leo? Hapana, leo sitaki usumbuke... Haloo? Haloo?

— Amekata? aliuliza Bi Birika.

— Anapita leo.

Macho ya wote wanne yakaenda kwenye pipa. Mama Mapacha alileta mashine yake wanawe wakiwa kwenye nepi. Sasa wale mapacha walikuwa wanakimbia na kutoa ushahidi. Mashine ilifunguliwa, ikaonekana inahitaji beringi, beringi ikaagizwa, na wakati ikisubiriwa Refa ndiye aliyegundua kwamba pipa lake linaimba. Mota akainama kulibeba ndani.

— Weka chini hilo! alisema Refa. Likiondoka tutasikilizia wapi? Kofiani?

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Shahada. Ndiyo maana watu wakanunua mashine za kufulia. Tulia, fundi. Kwanza mtoto.

Kwanza mtoto. Mota akakaa. Akagusa namba kumi kwa kidole kilichojaa grisi, akaiteremsha simu pipani kama mtu anayetumbukiza ndoo kisimani.

Ngoma ikaanza. Du, du, du, du. Chini ya ngoma pakaja kitu kingine, kizito, kinazunguka, na kila kikizunguka kinagota mahali pamoja. Sekunde ya arobaini Mota akaruka.

— Simamisha! Hiyo ni beringi!

— Nini?

— Beringi imekwisha! Ya nyuma, upande wa kushoto. Masikio yangu hayadanganywi, nimekula kwa sauti hiyo miaka ishirini na saba. Mwanangu anatoa santuri mbovu! Nakala mia tatu, zote mbovu! Sasa nimpe jina au nimpe beringi?

— Fundi, kila kitu kwako ni beringi, alisema Bi Birika. Siku ya harusi ya shemeji yako ulisema maharusi wanahitaji grisi.

— Na nilikosea?

— Hukukosea. Ulisema mapema.

— Mchezo umevunjika, alitangaza Refa. Unarudiwa tangu mwanzo. Sheria.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya benchi, na haikuwa na rufaa: atakayesimamisha wimbo ili aseme, wimbo unaanza upya. Kahawa ikamiminwa. Du, du, du, du. Safari hii walifika dakika ya pili, filimbi ikapulizwa hadi njiwa wakaondoka juu ya paa.

— Naijua sauti hiyo! alisema Refa, na jasho lilikuwa limemtoka. Huo ni mlango wa chumba cha kubadilishia nguo! Mechi ile niliyotoa penati dakika ya tisini na nne. Mimi niko ndani, nimeegemea mlango kwa mgongo, mashabiki wako nje. Du, du, du, du! Walikuwa na mpangilio wenzangu, hakuna aliyewahi wala aliyechelewa. Nilikaa humo mpaka wakasikia njaa.

— Ilikuwa penati kweli? aliuliza Mota.

— Swali hilo niliulizwa kupitia mlango huohuo. Jina la wimbo ni "Dakika ya Tisini na Nne". Tuma.

— Situmi! Mwanangu hakuwepo kwenye mechi yako.

— Rudia, alisema Bi Birika. Leo nasema mimi.

Ikarudiwa. Yeye alivumilia dakika tatu, kisha akaufunika mdomo wa pipa kwa sinia.

— Nyinyi wanaume mnasikia chuma tu. Hapo mtu anagonga. Wameuita muziki wa chini ya ardhi, sivyo? Basi hao ni wa chini, wanagonga wafunguliwe! Wamechoka! Kuna wapiga ngoma huko hawajaona jua tangu wanunue mashine. Jina ni "Nani Anagonga". Na mkimaliza, mtu amfungulie.

— Bibi, binti yangu yuko ghorofa ya tano.

— Ndiyo maana amewasikia. Wa juu ndiye anayesumbuliwa na wa chini.

— Ni wa chini anayesumbuliwa na wa juu.

— Wewe umewahi kupanga nyumba au umewahi kusimuliwa?

Saa tano na robo. Alijiona tena dirishani pa zahanati, kalamu ya muuguzi ikisubiri hewani, na yeye akitabasamu kama mtu mwenye mpango. Wakati ule mtoto hakujua kusoma. Sasa anajua, na angekuwa na mia tatu za kusoma, zote nyeupe katikati.

— Kisayansi, alisema Shahada.

— Usianze.

— Fundi umesema beringi. Uko sahihi, ila umeona jani hukuona msitu. Dunia inazunguka, ndiyo au siyo? Inazunguka juu ya ekseli. Ekseli hiyo nani aliwahi kuitia grisi? Hakuna! Tangu kuumbwa! Sasa kule chini, kwenye vyumba visivyo na madirisha, watu wako karibu zaidi na ekseli kuliko sisi. Wanaisikia. Wanairekodi. Tekno yote ni dunia inagota, ila wameogopa kutuambia.

— Kwa hiyo binti wa Mota amerekodi dunia? aliuliza Refa.

— Upande wa kushoto, kwa nyuma.

— Na beringi ya dunia inauzwa wapi?

— Debe tupu haliachi kuvuma, alisema Shahada kwa uchungu, — na wanamuziki wote wakubwa walianza na debe tupu. Jina ni "Ekseli ya Dunia". Tupige kura.

Walipiga kura. Majina matatu, kura moja moja, na Mota hakunyoosha mkono. Wakarudia wimbo ili kumsaidia, wakaukatiza kwa kubishana kama aliyekatiza ni Refa au Shahada. Wakarudia tena, Bi Birika akauliza nani hajalipia kahawa, ukakatika. Ilipofika saa sita kasoro dakika kumi na nne, wimbo ulikuwa umeanza mara tisa, na kwenye kona ya barabara likachomoza beseni la nguo mbichi, na chini ya beseni Mama Mapacha.

Mota alifanya kitu pekee kilichokuwa karibu. Alikalia pipa.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama, karibu, wakajibu wote kwa mpigo, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza benchi kukubaliana.

— Fundi, mbona unanguruma?

Na kweli, kutoka chini ya Mota, wimbo ulikuwa unaendelea. Du, du, du, du. Mashavu yake yalitikisika kwa kufuata mapigo.

— Ni tumbo tu, mama.

— Tumbo linalokwenda na ngoma? Na mbona hawa wana sura za msiba? Nani amefariki?

— Hakuna aliyefariki, alisema Bi Birika, ambaye siri kwake ilikuwa kama maziwa juani. Binti yake ametoa santuri, anataka jina kabla ya saa sita, na hawa tangu asubuhi wanavutana. Huyu anasema beringi, huyu anasema penati, huyu anasema dunia ina ekseli.

— Na wewe?

— Mimi peke yangu ndiye mwenye akili. Nasema kuna watu chini ya ardhi.

Mama Mapacha akateremsha beseni. Akawatazama mmoja mmoja, kama mwalimu anayetafuta aliyeandika ubaoni.

— Mmeusikiliza mpaka mwisho?

Refa akaangalia filimbi yake. Shahada akafungua mdomo, kikatoka "ki—" na hakikufika "sayansi". Bi Birika akapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

— Una urefu gani? aliuliza Mama Mapacha.

— Dakika saba na sekunde ishirini, alisema Mota.

— Mna muda wa kuupiga mara mbili? Hamna. Inuka, fundi.

— Mama, hapa nimekaa vizuri.

— Inuka.

Akainuka. Pipa likaangaza jua kwa matundu yake yote. Mama Mapacha aliliangalia muda mrefu, akakuta alama aliyoikwaruza mwenyewe kwa kibanio cha nywele, na uso wake ukapitiwa na mambo mengi. Lakini aliyasukuma yote pembeni, akakaa nafasi ya Refa, akanyoosha kiganja.

— Filimbi. Nipe. Atakayefungua mdomo nitamtia beseni kichwani. Haya, piga.

Mara ya kumi, namba kumi ikaanza.

Ngoma, kisha kile kizito kinachogota. Mota akauma ulimi. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na sauti ile iliyomuudhi ikaacha kumuudhi, ikawa kama hatua za mtu anayemfahamu akija uani. Dakika ya tatu spana ikaanguka sakafuni, ting, na kila baada ya mapigo manane ikaanguka tena, na hakuna fundi aliyewahi kuangusha spana kwa ustadi ule. Dakika ya nne vikombe vikagongana, viwili viwili, jinsi Bi Birika anavyovigonga kuita wateja. Bi Birika akashika kifua. Kisha kwa mbali, filimbi. Refa akakaa chini barabarani; kumbe kile kijiti chenye manyoya kilikuwa kinanasa sauti. Kisha sauti ya mtu imekatwa vipande, "kisa, kisa, kisayan", mbele, nyuma, juu ya ngoma, na Shahada, ambaye hakuna chuo kilichowahi kumtaja, akaanza kulengwa na machozi.

Dakika ya saba ngoma ikanyamaza. Ikabaki mashine peke yake, inazunguka, inagota, inapunguza mwendo, inagota, inachoka. Ikasimama. Na katika kimya kile sauti ya mwanamke ikauliza kutoka ndani ya pipa lake mwenyewe:

"Fundi, iko tayari?"

Na sauti ya mwanamume, tamu, isiyo na haraka, ikajibu:

"Njoo kesho."

Basi. Wimbo ukaisha.

Mota alijisikia masikio yakimwaka. Alikuwa ameitoa sauti ile maisha yake yote na hakuwahi kuisikia mara moja. Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lilikuwa baya lake: ilikuwa nzuri kiasi kwamba hata yeye angekuja kesho.

— Beringi ya nyuma, upande wa kushoto, alisema kwa sauti ndogo. Nilisema.

Kisha akaichukua simu, na kidole chenye grisi kikaandika: "Mwanangu, jina ni Njoo Kesho." Saa sita kasoro dakika mbili. Akatuma. Wakaitazama simu wote watano kama yai linaloanguliwa, mpaka ikatetemeka.

— Anasemaje? Soma!

— "Asante Baba. Nilijua utasikiliza mpaka mwisho."

Mota akamtazama Mama Mapacha. Mama Mapacha akatazama angani, kwa wema. Ndipo kicheko kikaja, taratibu kwanza, kikapanda, kikamshika mabega, na katikati yake Mota akajifuta macho kwa kitambaa cha grisi akawa na uso wa mistari. Refa akataka filimbi yake apulize mara tatu. Shahada akauliza kama jina lake litaandikwa kwenye santuri, na kama litaandikwa, waandike na kozi. Mama Mapacha naye alicheka mpaka akashika ukuta.

— Kumbe mashine yangu imekwenda ng'ambo na mimi mwenyewe sijafika hata ufukweni!

— Umetoka kwenye santuri, mama! Mia tatu!

— Nimetoka. Nimefurahi. Mwambie mtoto nampa hongera.

Akainama, akainua pipa kwa mikono miwili, akaliweka juu ya nguo zake mbichi. Kicheko kilikuwa bado kimemkalia midomoni, ila macho yake yalikuwa yamerudi kazini.

— Sasa, fundi. Na mashine yenyewe, itafua lini?

Mota hakukusudia. Neno lilikuwa limekaa mlangoni mwa mdomo miaka ishirini na saba, likatoka lenyewe, tamu, bila haraka, sawasawa na kwenye santuri:

— Njoo kesho.

— Kesho ipi? aliuliza Mama Mapacha.

Refa akamwangalia Shahada. Shahada akamwangalia Bi Birika. Bi Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha Mota, ili angalau mtu awe na la kufanya, na likatoka tone moja.